Mchagua Jembe si Mkulima

Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walimaanisha kuwa mtu mwenye nia ya kulima hushika jembe lililopo akaenda shambani, na asiye na nia hukaa kivulini akilaumu mpini. Methali hiyo ilizaliwa katika kilimo, lakini siku hizi sioni mahali inapofaa zaidi kuliko katika sanaa ya kupiga picha. Vijana wengi wa Nakuru na wa Bonde la Ufa wanaipenda sanaa hii. Wachache kati yao ndio wanaoifanya. Waulize waliobaki sababu, nao watakujibu kwa sauti moja: hatuna kamera nzuri. Insha hii imeandikwa ili kulipinga jibu hilo. Si jibu la kweli, na hasara inayotokana nalo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Haki yataka hoja ya mpinzani itajwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Watetezi wa kamera za thamani husema kuwa chombo bora huzaa kazi bora, na shahidi wao wa kwanza ni ndege. Ziwa Nakuru, ambalo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, lilipata sifa duniani kwa ajili ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Ndege hao hawamngojei mtu. Ukiwakaribia huruka, na ukiwafukuza kutoka malishoni mwao kwa ajili ya picha umewadhulumu. Kwa hiyo mpiga picha hukaa mbali akatumia lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 600, ambayo kitundu chake cha kupitishia mwanga ni robo ya urefu huo, hudai kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150 hivi. Kioo kikubwa namna hiyo, kisicho na dosari, ni kigumu kukitengeneza. Ndiyo maana lenzi moja ya aina hiyo huwa na uzito wa kilo 3 hivi, na ikiwa mpya bei yake hupita dola 12,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 1,500,000 za Kenya. Faida yake haikanushiki. Alfajiri, mwanga ungali hafifu, lenzi hiyo huona mahali ambapo lenzi ndogo hubabaika.

Lakini na tutazame ni kitu gani kilichonunuliwa kwa fedha hizo. Umenunuliwa umbali, na umenunuliwa mwanga. Subira na maarifa havimo katika risiti. Ifikapo saa tano ya mchana, hewa iliyo juu ya magadi ya ziwa hupata joto ikatetemeka kama hewa iliyo juu ya sufuria motoni. Picha inayopigwa kupitia hewa hiyo hutoka na ukungu, iwe lenzi imenunuliwa kwa milioni au imeazimwa kwa jirani. Dawa ya ukungu huo haiuzwi dukani. Dawa yake ni kuamka mapema. Tena, tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yaliongezeka sana. Eneo lake lilikua kutoka kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60, magadi yakazimuliwa, chakula cha heroe kikapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Mtu aliyefika Nakuru na lenzi ya milioni bila ya kujua habari hizo alirudi kwao na picha za maji matupu. Mtoto wa Bogoria ambaye huwaona ndege hao kila asubuhi aendapo shule alikuwa na kitu ambacho mgeni huyo hakukinunua.

Historia nayo iko upande wetu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki Kairo karibu na mwaka 1040, alieleza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura za vitu vya nje juu ya ukuta wa chumba chenye giza. Hiyo ndiyo asili ya kila kamera: chumba cha giza, tundu, na mahali pa kuupokea mwanga. Mengine yote ni nyongeza. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera iliyoitwa Brownie kwa dola moja tu. Ilikuwa kisanduku cha kadibodi chenye lenzi sahili. Mwenye kisanduku hicho hakuwa na la kurekebisha isipokuwa kusimama mahali panapofaa na kulingojea jua.

Mohamed Amin alianza na kisanduku cha ukoo huo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie kuukuu aliyoipata akingali mtoto wa shule. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC, akapiga filamu ya njaa iliyoushtua ulimwengu na kuifungua mifuko ya mataifa. Kamera aliyoitumia siku hiyo haikuwa ya mtoto, nami sisemi kwamba ilikuwa. Nasema kwamba mashirika makubwa ya televisheni ya Ulaya na Marekani hayakupungukiwa na kamera mwaka ule. Kilichopungua ni mtu wa kufika Korem. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata Amin mkono. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Aliyepoteza mkono hakuiacha kazi yake. Je, aiache aliyekosa lenzi?

Watanijibu: huyo alikuwa shujaa, nasi tunatafuta riziki tu. Mteja wa arusi huitazama kamera kabla ya kumtazama mpiga picha. Akiona chombo kidogo hushusha bei. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Walakini yafaa tuifuate mpaka mwisho wake. Kijana anakopa fedha, ananunua kamera ambayo mapato yake ya mwaka mzima hayawezi kuilipa. Kabla deni halijaisha, toleo jipya limetoka na thamani ya kamera yake imeshuka. Sasa anafanya kazi ili kumlipa mkopeshaji, na hofu ya deni inamfanya apige kila arusi kwa namna moja, kwa haraka, ili awahi nyingine. Mteja aliyevutwa na ukubwa wa kamera hapati picha iliyo bora. Mwenye busara huanza na kamera ya mtumba na lenzi moja fupi ya milimita 50, ambayo aghalabu hupokea mwanga mwingi kwa bei ndogo. Hujifunza kuzitumia mpaka mikono izizoee kama inavyouzoea mwiko, na faida ikizidi ndipo hununua nyingine. Hivyo chombo hulipwa na kazi, badala ya kazi kulipia chombo.

Wala sanaa haikosekani katika uchache. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa na studio katika mji huo tangu miaka ya 1960, alijifundisha mwenyewe kazi ya picha. Alikata picha kwa mkono na kuziunganisha, hata akaumba taswira ambazo hakuna kamera yoyote ingeweza kuziona kwa mara moja. Leo wataalamu wa ng'ambo huandika juu ya kazi yake. Hawaandiki juu ya bei ya kamera yake.

Nimesema kuwa hasara ya udhuru huu ni kubwa, na sasa yanipasa kuithibitisha. Katika shule moja niliyopata kufundisha, wanafunzi waliunda chama cha picha. Wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaanza kuchanga fedha. Muhula mzima walibishana juu ya aina ya kamera itakayonunuliwa, na kila mmoja alikuwa na jina la kampuni alilolitetea kama mtu atetevyo ukoo wake. Katika muhula huo huo mpishi mzee, aliyekuwa amewapikia wanafunzi wa shule ile kwa miaka mingi, alistaafu akaenda zake. Hakuna aliyempiga picha. Simu ya ofisini ilikuwapo, ingeweza kuazimwa kwa dakika moja. Fedha za chama zilihesabiwa vizuri na kuandikwa daftarini. Sura ya mpishi haimo popote.

Huo ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Bonde letu ni miongoni mwa sehemu za Afrika zilizopigwa picha nyingi kupita kiasi, na hata hivyo halijulikani. Picha za vifaru, twiga na heroe zimejaa duniani. Lakini maji ya Ziwa Naivasha yalipovamia nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto mwaka 2020, na tena mwaka 2025, ni nani aliyeuona mlango wa nyumba moja ukimezwa siku kwa siku? Ni aliyekaa humo. Huko Eburru wenyeji huutega mvuke utokao ardhini, wakaupoza katika mabomba na kupata maji ya kunywa. Kariandusi kuna machimbo ya udongo mweupe ambao zamani sana ulikuwa miili ya vijimea vidogo vya ziwani. Molo kuna wachungaji wa kondoo katika baridi ya asubuhi. Lenzi ya milimita 600 haihitajiki kwa lolote kati ya mambo hayo. Inahitajika miguu ya kufika, adabu ya kuomba ruhusa, na kamera yoyote ile. Lenzi ndefu imetufundisha kutazama mbali. Ya karibu yanatupita, na yakishapita hayarudi.

Yapo mambo mengine ambayo tungependa yasingetokea, lakini haifai yasahauliwe. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, Nakuru na Naivasha ziliingiwa na mauaji na moto. Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti, alizipiga picha za machafuko ya siku zile, na mwaka 2009 akaanzisha maonyesho yaitwayo Picha Mtaani yaliyozungushwa katika miji mbalimbali ya nchi, ili wananchi wazitazame barabarani bila ya kiingilio na kuyajadili waliyotendeana. Aliyesimama mbele ya picha hizo hakuuliza zilipigwa kwa lenzi gani. Aliona jirani yake, au alijiona yeye mwenyewe. Picha zilikuwa na nguvu kwa sababu mpigaji alikuwa karibu, hakukimbia, na hakuficha.

Mtu asinielewe vibaya. Sisifu uvivu wala picha mbovu. Anayetumia kamera hafifu ana wajibu mkubwa zaidi wa kujifunza: ajue mwanga wa dirishani unavyolainisha uso, ajue kuwa jua la utosini huyatia macho vivuli, ajue kuituliza mikono, na ajue kusogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa lenzi. Aombe idhini ya mwenye sura, hasa mwenye sura akiwa katika msiba. Kisha aandike jina, mahali na tarehe, na kuihifadhi picha mahali salama. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968, aliacha picha nyingi za zama za kupigania uhuru, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ilikaa gerejini Nairobi kwa miongo kadhaa kabla ya kufufuliwa. Picha isiyo na jina wala mahali pa kutunzwa huwa yatima, hata kama ilipigwa kwa kamera ya mfalme.

Basi, enyi wanafunzi, likizo ijayo msiombe kamera kwanza. Ombeni saa moja ya simu ya mzazi, au kamera kuukuu iliyolala kabatini kwa mjomba. Mpigeni picha nyanya akisokota sufu, fundi baiskeli akiziba pancha, mto ulioacha njia yake, na duka litakalobomolewa mwezi ujao. Andikeni majina yao nyuma ya picha au daftarini. Ikiwa baada ya kufanya hivyo kwa miaka miwili mtaona kwamba kweli lenzi yenu haiwezi kufika mnapotaka kufika, tafuteni ndefu zaidi, nami sitakuwa na neno. Wakati huo mtakuwa mnajua kwa nini mnaitaka.