Nani Atawasomea Wazazi Alama za Michezo ya Video?

Likizo ya Agosti iliyopita, mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa aliniuliza maana ya tusi moja la Kiingereza. Halikuwa tusi dogo. Nilipomdadisi alikolipata, alinijibu kwa utulivu, kana kwamba anataja somo la darasani: "Kwa pleisteshen, Mjomba."

Siku ya pili niliandamana naye hadi kwenye kibanda chenyewe, hatua chache tu kutoka lango la ploti yao. Mlikuwa na runinga nne, mabenchi, pazia zito mlangoni, na watoto waliofumbata sarafu zao za shilingi kumi wakingoja zamu. Runinga tatu zilionyesha kandanda. Ya nne ilionyesha Grand Theft Auto V, mchezo uliotoka mwaka wa 2013 ukiwa umetiwa alama ya miaka 18 barani Ulaya na 17 nchini Marekani, kwa sababu ya ukatili na lugha chafu iliyomo. Aliyekuwa akiucheza hakuwa amemzidi mpwa wangu hata kwa mwaka mmoja. Nilimwomba mwenye kibanda anionyeshe kasha la mchezo huo nizisome alama zake. "Kasha la nini, mwalimu?" alinijibu. "Gemu iko ndani ya mashine."

Jibu hilo linatufunulia kasoro ambayo mijadala yetu aghalabu huipita kando. Tunapohimizwa tuwachagulie watoto michezo inayolingana na umri wao, huchukuliwa kwamba mzazi amesimama dukani, kasha mkononi, na kwamba anaielewa lugha iliyoandikwa juu yake. Ndivyo utaratibu wenyewe ulivyobuniwa. Nchini Marekani, watengenezaji wa michezo hiyo waliuanzisha mwaka wa 1994, baada ya kubanwa na maseneta walioshtushwa na Mortal Kombat katika vikao vya Desemba 1993. Ulaya ikaunda wake, PEGI, mwaka wa 2003, wenye ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Siubezi utaratibu huo. Huku kwetu, hata hivyo, kasha halifiki kibandani, wala mzazi hafiki. Anayefika ni mtoto peke yake.

Kwa upande wa filamu tunayo bodi yetu ya uainishaji, yenye alama za GE, PG, 16 na 18. Tarakimu zinaeleweka, lakini nyanya aliyeachiwa wajukuu likizo nzima ataifasiri vipi PG, ambayo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza? Msomaji atanisamehe nikivutia ngozi kwangu: kwa sehemu kubwa, tatizo hili ni la lugha. Hapo ndipo Wazungu wa PEGI walipofanya jambo la busara. Pamoja na tarakimu ya umri, waliweka picha. Ngumi ni ukatili, buibui ni vitisho, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. Picha hizi hazihitaji Kiingereza. Mwalimu anaweza kuzichora ubaoni katika mkutano wa wazazi na kuzieleza kwa robo saa tu, na hata mzazi asiyejua kusoma akaondoka nazo akilini.

Nimetaja dadu makusudi. Katika Kiswahili mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, na hucheza kamari vilevile. Kitenzi ni kimoja, na yamkini ndicho kinachotupumbaza tukaona kwamba kila kichezwacho na mtoto ni mchezo wa mtoto. Chukua FIFA 19, iliyotoka mwaka wa 2018. Ulaya iliipa alama ya miaka 3, nayo ilistahili kama tunatazama picha peke yake, maana haina damu wala matusi. Lakini ndani yake mlikuwa na pakiti za wachezaji zilizoweza kununuliwa kwa pesa halisi, ilhali mnunuzi hajui atakayempata hadi aifungue. Mwaka huohuo wa 2018, tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwezi Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuziuza nchini humo. Alama ya miaka 3 haikuguswa. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na bado tunampa mtoto simu yenye pesa ndani yake acheze gemu, mradi atulie tupike.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Uchina ilijaribu mwaka wa 2021 kwa kuwaruhusu watoto saa moja tu ya michezo ya intaneti siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mimi sina haja na amri za aina hiyo. Ipo michezo yenye manufaa. Minecraft, iliyowekewa umri wa miaka 7 na PEGI, humtaka mtoto ajenge, apime na apange. Mpwa wangu alinijengea humo nyumba ya ghorofa yenye paa la nyasi, akanifafanulia kila chumba kwa Kiswahili sanifu ambacho mwalimu wake angekifurahia.

Nilirudi kibandani wiki iliyofuata na kipande cha kadibodi nilichoandika kwa Kiswahili majina ya michezo iliyokuwamo, kila mmoja na umri wake. Mwenye kibanda, kijana muungwana, alikisoma polepole na kukibandika ukutani. Kisha akaniuliza, "Na huyu mrefu akiniambia ana kumi na nane, nitajuaje, mwalimu? Watoto hawatembei na cheti cha kuzaliwa. Na nikimfukuza, anavuka barabara tu. Kule kuna kibanda kingine."