Ni Mnyama Gani Atakayetiwa Hodhini?

Kila inapotangazwa mahali popote duniani kwamba litajengwa hodhi jipya la kuonyeshea viumbe wa baharini, watu huanza kubahatisha: je, atakayetiwa humo ni nyangumi, pomboo au nguva? Visiwani kwetu, ambako kila ufukwe unatafutiwa kivutio kipya cha watalii, bahatisho hilo laweza siku moja kuwa barua ya maombi juu ya meza ya ofisi ya Serikali. Yafaa basi tuwe na jibu mapema. Jibu letu ni kwamba hapana hata mmoja kati ya wanyama hao apasaye kutiwa humo.

Tuanze na nyangumi. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai, nyangumi wa nundu hutoka katika bahari za baridi za kusini wakaja kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya vuguvugu. Hapana hodhi liwezalo kumtosha mnyama huyo. Waliojaribu kumfuga jamaa yake aliye mdogo zaidi walipata fundisho. Mwaka 1964, huko Vancouver, Kanada, watu walitumwa kumwua nyangumi muuaji mmoja ili mchongaji apate kielelezo cha sanamu. Mnyama hakufa, akafungwa, watu wakaja kumtazama, na haikutimia miezi mitatu akafa. Nchi hiyo hiyo ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kukataza kuwafuga nyangumi na pomboo kwa ajili ya maonyesho. India nayo ilikuwa imekwisha kataza maonyesho ya pomboo tangu mwaka 2013.

Watakuwapo watakaosema kwamba pomboo ni mdogo, tena ni mwenyeji wetu. Ni kweli, lakini mwenyeji huyo tayari anaonekana bila kufungwa. Hapo zamani wavuvi wa Kizimkazi walimwua ili nyama yake iwe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 wamegundua kwamba akiwa hai huleta riziki siku baada ya siku. Hata hivyo, watafiti wameeleza kwamba mashua zikimwandama kwa wingi, na waogeleaji wakimrukia, pomboo hukosa nafasi ya kupumzika na kunyonyesha. Ikiwa bahari nzima humwia finyu kwa sababu ya fujo zetu, atastahimili vipi ndani ya kuta nne?

Anabaki nguva, na huyu ndiye anayetutia hofu zaidi, kwa maana uhaba wake ndio utakaowavuta wafanyabiashara. Mwezi wa Desemba 2022, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulitangaza kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliokomaa walikadiriwa kuwa hawafiki 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Nguva mmoja aweza kula hadi kilo 40 za majani ya baharini kwa siku. Kumtoa mmoja katika maji ya Mafia au Rufiji ili watu wamtazame kwa tiketi ni kuipunguza akiba ambayo hatuna namna ya kuirudisha.

Twajua kuna hoja ya elimu. Watoto wengi wa visiwani hawajapata kuona viumbe waishio hatua chache kutoka majumbani mwao, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini nyumba ya kuonyeshea samaki wadogo wa miambani, nyota wa baharini na matumbawe yatosha kwa somo hilo, na hatuipingi. Pomboo naye aonwe baharini, mashua ikiwa imezima mashine.

Kwa hiyo twaiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, yeyote atakayeomba kibali cha kujenga hodhi ashurutishwe kumtaja mnyama, atakapotoka na atakachokula, na wananchi watangaziwe kabla jiwe la msingi halijawekwa. Pili, taratibu za kuwakaribia pomboo Kizimkazi zisimamiwe kwa dhati, na nahodha anayezivunja aadhibiwe. Tatu, majarife yasitegwe katika malisho ya nguva, na wavuvi watakaoathirika wasaidiwe kupata zana nyingine. Haifai kumwamuru mtu aache mtego huku watoto wake wana njaa.

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni bahari hii, na wanyama hao wamo humo tayari.