Mpiga Gitaa, Ngoja Kwanza

Leo nasema na wewe mpiga gitaa. Kila mkitulia kuomba, gitaa lako linavuma, na sasa unataka tuchangishe pesa ununue pikapu za jina kubwa. Ngoja kwanza.

Mwite fundi aangalie waya wa athi na jeki. Huenda ni waya tu umeachia. Kama shida ni sauti hafifu, chukua bisibisi uinue pikapu kidogo. Usizidishe, maana sumaku ikikaribia sana itavuta nyuzi na tuni itaharibika.

Mvumo ukibaki, basi badilisha. Pikapu ya koili moja hunasa mvumo wa stima kutoka kwa taa na nyaya. Mwaka 1955, Seth Lover wa Gibson alitengeneza yenye koili mbili zinazofuta mvumo huo na kuacha sauti ya nyuzi. Utapoteza ule mlio mkali kidogo, ni kweli. Lakini mimi nasema ibada inahitaji utulivu kuliko mlio wa kujionyesha. Na kama gitaa lako ni la aina ya Stratocaster, ziko za koili mbili zinazoingia kwenye nafasi ya koili moja bila kukata mbao. Pima kabla ya kulipa.

Ndugu yangu, usinunue jina. Pikapu haifundishi vidole. Pesa ikibaki, nunua nyuzi mpya, na uje mazoezi mapema.

Ubarikiwe.