Mwacheni Chura, Ulizeni Taulo

Wasee, leo tuongelee kitu ambacho watu huficha mfukoni: chunjua. Kile kinundu kigumu kinachokwaruza, kinaota kidoleni, gotini ama chini ya wayo. Mimi si daktari, na chuo sikumaliza, lakini hili halitaki digrii. Linataka tuache kudanganyana.

Mtoto akiota chunjua, swali la kwanza mtaani ni, "Ulishika chura?" Bana, chura amesingiziwa vya kutosha. Vile vinundu vya mgongoni mwake ni tezi zake za ngozi. Chunjua yako inaletwa na kirusi cha binadamu, kinaitwa HPV, na ulikitoa kwa binadamu mwenzako.

Halafu unatafuta HPV kwa simu, unaona magonjwa ya zinaa na saratani ya mlango wa kizazi, unaanza kutetemeka. Tulia kwanza. HPV ni ukoo mkubwa, una aina zaidi ya 200. Zile zinazopenda mikono na nyayo, kama aina ya 1, 2 na 4, si zile za 16 na 18 zinazoleta saratani nyingi za mlango wa kizazi. Kwa hivyo chunjua ya kidole haisemi chochote kuhusu umelala na nani. Anayemcheka msichana kwa sababu ya mkono wake anajianika ujinga wake mwenyewe.

Sasa, inaeneaje? Kirusi kinatafuta mlango: mkwaruzo mdogo, kucha iliyotafunwa, ngozi iliyolainishwa na maji. Ndiyo maana bafu la hosteli linataka uvae pata pata. Ndiyo maana anayetafuna kucha huziota pembeni mwa kucha, na anayenyoa ndevu juu ya chunjua anaweza kuisambaza kidevu kizima. Na haitokei kesho yake. Inaweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hivyo hata kumtafuta aliyekuambukiza ni kupoteza muda.

Twende kinyozi. Taulo moja inapangusa nyuso kumi, mashine inapigwa spiriti kidogo, tunasema iko safi. Shida ni kwamba HPV ni sugu kwa spiriti kuliko virusi vingi, kwa sababu haina lile ganda la mafuta ambalo spiriti huyeyusha. Sisemi kinyozi ni adui, yule ni msee anatafuta riziki. Nasema ukienda na taulo yako na wembe mpya, hujamtusi mtu.

Lakini maoni yangu ndiyo haya: kinachotuumiza zaidi ni aibu. Mtu mwenye aibu hafuniki chunjua kwa plasta, kwa sababu plasta itaulizwa maswali. Hamwambii kinyozi apitishe mashine mbali. Anajifungia chooni na wembe wa nyumbani, anakata ati anatafuta mzizi. Chunjua haina mzizi, jamani! Imekaa kwenye tabaka la juu la ngozi, na vile vidoa vyeusi ndani yake ni vijishipa ambavyo damu imeganda. Ukikata unafungua mlango mpya, kisha wembe unarudi kwa rafu, ndugu yako anaukuta hapo.

Na dawa zipo. Nyingi hupotea zenyewe, hasa kwa watoto, ingawa zinaweza kuchukua hata miaka miwili. Duka la dawa lina asidi ya salisiliki, unapaka kila siku kwa wiki kadhaa, na hospitalini wanaweza kuigandisha kwa baridi kali. Ila usoni na sehemu za siri usijipake hiyo asidi, mwone daktari. Ukiwa na kisukari, ama zikiota nyingi kwa mpigo na hazitoki, vilevile nenda. Wakati mwingine ni kinga ya mwili iko chini, na hilo ni la kujua mapema.

Kwa hivyo ukiona mtoi amekunja ngumi darasani kuficha kidole, usimuulize habari za chura. Mnunulie plasta, mwambie ni kirusi tu, na hata wewe unaweza kukipata.

Na kinyozi wako je, hiyo taulo ilifuliwa lini?