KIPIMO HAKINA MDOMO

Ndugu Wanachama,

Siku hizi visima vya mafuta huchimbwa chini ya bahari yenye kina cha mita 1,500 na zaidi. Jicho la mtu halifiki huko. Kwa hiyo mafundi huteremsha vipimo kisimani: vingine hupima msukumo wa gesi na mafuta, vingine ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ziletazo juu habari za joto. Sisi hatupingi mitambo hii. Tunapinga kudharauliwa kwa mtu anayeisoma.

Twawakumbusha habari ya chombo Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010, kisima cha Macondo kilijaribiwa ili kujua kama kimezibwa sawasawa. Msukumo katika bomba la kuchimbia ulitakiwa ushuke hadi sifuri na ubaki hapo. Kipimo kikaonyesha ratli 1,400 kwa kila inchi ya mraba. Bomba jingine, dogo, lilikuwa kimya. Kisima kimoja, majibu mawili! Wasimamizi wakabishana, kisha wakakubali maelezo yasiyo na msingi, wakasema kisima ni salama. Tope zito lililozuia gesi likaondolewa, yakatiwa maji ya bahari. Karibu saa nne za usiku gesi ikapanda, ikalipuka. Wafanya kazi 11 wakafa.

Tume ya Rais wa Marekani ilipochunguza iliona kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kulisoma jaribio lile, wala watu hawakufundishwa. Basi kipimo kilisema kweli, ila hakina mdomo wa kukataa kazi. Mdomo ni wetu.

Bahari ya Kenya nayo imechimbwa. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilikuta gesi. Hata wewe wa boila au tangi la mafuta, kipimo kiko mbele yako kila siku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakutaka umwarifu msimamizi wako uonapo hatari kubwa, na tajiri hana ruhusa kukurudisha hapo kabla ya kuiondoa.

Twadai kwa matajiri wote mambo matatu: mafunzo, utaratibu ulioandikwa, na asiadhibiwe mtu aliyesimamisha kazi kwa hofu ya haki. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini asiyefundishwa atatazama asione.

Ndugu, ukiona namba usiyoielewa, usinyamaze. Mwite mjumbe wako wa chama siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.