KIWANJA CHA MATAJIRI NA KIWANJA CHA MASKINI
(Maoni ya Mwanachama)



Liko swali moja lizungukalo siku hizi katika matawi yetu ya Diani, Ukunda na Msambweni. Je, kiongozi wa Chama akialikwa na matajiri kwenda kucheza gofu ya sadaka, aende au asiende? Wako wasemao aende, maana huko ndiko wakubwa waliko, na asiyefika hasikiwi. Wako wasemao asikanyage kabisa, maana akila chakula chao leo, kesho atafungwa ulimi. Naona pande zote mbili zimejibu upesi mno. Yafaa kwanza tutazame shughuli yenyewe ni nini, na nani apata nini ndani yake.

Shughuli ni hii. Benki, kampuni ya bima, hoteli au jumuiya ya wafanya biashara hutangaza siku ya gofu kwa ajili ya jambo jema: madawati ya shule, vitanda vya wazazi, kisima cha maji, matibabu ya macho. Kila kampuni hulipa ada ya kundi la watu wanne. Anayetaka jina lake lionekane zaidi hulipa tena, na bendera yake husimama penye shimo moja. Diani tunao uwanja wa mashimo 18, ule wa Leisure, na kuyazunguka yote huchukua saa nne au tano. Jioni kuna chakula, zawadi, na pengine mnada. Kinachobaki baada ya gharama hupewa wenye shida, na picha hupigwa watu wameshika hundi kubwa kama mlango.

Sasa tazameni sehemu isiyopigwa picha. Watu wanne wako pamoja saa nne, bila karani mlangoni wala msururu wa wageni nje. Baina ya pigo na pigo ni mwendo wa miguu, na mwendo wa miguu ni mazungumzo. Huanza na habari za watoto, zikaja habari za mvua, kisha zikaja habari za biashara. Wala hawakukutana kwa bahati. Mpangaji wa mchezo ndiye asemaye nani atembee na nani. Mkuu wa hoteli aweza kuwekwa pamoja na mwenye magari ya kubeba watalii, mwenye benki na mtu atakaye mkopo, afisa wa serikali na mtu atakaye kujenga barabara. Hakuna anayetia sahihi siku ile. Sahihi hutiwa baadaye, ofisini, kati ya watu wanaojuana.

Sisemi ya kuwa jambo hili ni haramu. Biashara husimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana hutaka kuonana. Hata mvuvi wa Gazi au Msambweni hamkopeshi samaki mtu asiyemjua. Matajiri kuzungumza wao kwa wao si kosa. Lakini katika siku hiyo yako mambo matatu yanayotuhusu sisi, na hatuna budi kuyasema waziwazi.

La kwanza ni hesabu ya sadaka. Natoa mfano wa kufikiria tu, si wa mchezo wowote uliopata kuchezwa. Tuseme makundi 20 yamelipa Sh. 60,000 kila moja. Hiyo ni Sh. 1,200,000. Tuseme mashimo 18 yamepata wenye bendera kwa Sh. 50,000 kila shimo. Hiyo ni Sh. 900,000. Jumla ni Sh. 2,100,000. Kisha uwanja na chakula vikachukua Sh. 700,000, zawadi Sh. 400,000, mahema, muziki na fulana Sh. 350,000, matangazo na wapiga picha Sh. 150,000. Zimekwenda Sh. 1,600,000. Zimebaki Sh. 500,000 za hospitali.

Hizo laki tano ni kitu, wala tusizidharau. Mama aliyelala Msambweni haulizi kitanda kimetoka wapi. Lakini zile nyingine zilikuwa gharama ya matajiri kukutana na kutafuta wateja, nazo zimevaa kanzu ya sadaka. Jina la mgonjwa ndilo lililowaita watu, na fedha nyingi zimekwenda pengine. Tena, fedha iliyotumiwa kutafuta biashara huandikwa gharama ya biashara, na sadaka iliyotolewa kwa jumuiya iliyokubaliwa na wenye kodi nayo yaweza kupunguzwa katika hesabu ya kodi. Basi hata mtoaji hapotezi yote anayosifiwa kuyatoa.

Sisi watu wa pwani tulifundishwa chuoni ya kuwa mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Hatuwalazimishi matajiri kujificha hivyo. Twataka kinyume chake: wakitumia jina la wagonjwa wetu na watoto wetu, waandike hesabu yote na kuibandika ukutani, hospitalini au shuleni, ili kila mtu asome kiasi kilichoingia, kiasi kilichotumika, na kiasi kilichofika. Mtu mwenye hesabu safi hapati hasara kwa kuionyesha.

La pili ni mlango uliofungwa. Ukunda wako mafundi cherehani wawezao kushona sare za hoteli nzima. Wako wakulima wa Lunga Lunga na Matuga wenye mboga na matunda. Wako kina mama wauzao samaki. Hao hawamjui mnunuzi wa hoteli, na hawana pahali pa kutembea naye saa nne. Mchana kutwa wamesimama langoni na kapu, na askari awaambia wangoje. Kisha twasikia ya kuwa mboga zimetoka mbali, na sare zimeshonwa Nairobi. Si kwamba za kwetu ni mbaya. Wa kwetu hawajulikani.

Jambo hili limezidi uzito tangu Desemba 2024, Base Titanium walipomaliza kuchimba mchanga wao hapa Kwale. Mgodi ule ulianza kupeleka shehena ng'ambo mwaka 2014, na kwa miaka kumi hivi ulikuwa mwajiri na mnunuzi mkubwa. Ulipokwisha, waliokuwa wakifanya kazi mle na waliokuwa wakiuuzia vitu wote walirudi kutazama hoteli. Watu wengi wagombea milango michache, na ufunguo wa mlango ni kujuana.

Serikali ilikwisha kuona shida ya namna hii katika ununuzi wake. Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2015 yaweka asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba wenye kutunga sheria walijua ya kuwa mnyonge akiachwa ashindane na mwenye kujuana, atashindwa kila siku. Kwa hiyo twawaambia wenye hoteli: mkitaka kweli kuisaidia Kwale, siku moja katika mwaka mwaite mafundi, wakulima na wavuvi wakutane na wanunuzi wenu, bila ada na bila fimbo za gofu. Msaada huo utadumu kuliko madawati. Na maafisa wa serikali wakialikwa kucheza bure, wakumbuke ya kuwa iko sheria juu ya zawadi, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016.

La tatu ni watumishi wa siku ile. Sadaka yapikwa na mpishi, yaandaliwa na mwandazi, yafagiliwa na mfagiaji. Mifuko ya fimbo yachukuliwa na makedi katika jua la Diani. Kedi hulipwa kwa mzunguko mmoja, si kwa mwezi, na mvua ikinyesha mchezo ukavunjika, arudi nyumbani mikono mitupu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kama makedi, yaani ustadi walikuwa nao. Kilichokosekana ni nafasi. Na ndani ya saa zile nne, mtu wa tano ambaye hahesabiwi ni yeye. Asikia yote, na haulizwi lolote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema ya kuwa kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake uhesabiwe kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Vibarua wangapi wa jikoni na wa bustani huitwa siku za michezo na sherehe, mwezi baada ya mwezi, na bado jina lao ni kibarua? Tajiri asitoe sadaka kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akazuia haki. Haki hutangulia sadaka. Mtu mwenye mshahara wa kutosha hununua dawati la mtoto wake mwenyewe.

Sasa nalirudia swali la viongozi wetu.

Ndugu zangu, sisi nasi tulikuwa na kiwanja. Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa walipogoma, walikuwa wakikutana kila siku pahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Pale walikuja makuli wa bandari, watu wa reli, watumishi wa nyumbani na wa hoteli. Habari zilitolewa mbele ya wote, na mashauri yalifanywa mbele ya wote. Chege Kibachia aliongoza African Workers' Federation kwa kusema hadharani, hata serikali ikamkamata mwaka ule ule. Na kwa sababu ya mgomo ule, serikali iliunda baraza la Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Wale watu hawakuwa na ada ya kuingilia wala bendera ya kampuni. Nguvu yao ilikuwa kwamba kila mtu alisikia lile lile, kwa masikio yake.

Hiyo ndiyo tofauti ya viwanja viwili. Katika kiwanja cha matajiri, neno lasemwa na watu wanne na wengine hawalijui. Katika Kiwanja cha Maskini, neno lasemwa na mmoja na wote walijua. Kiongozi wetu akienda katika kile cha kwanza, ni lazima arudi katika hiki cha pili na kusema yote.

Kwa hiyo sisemi asiende. Hatari siioni katika mpira mdogo mweupe. Hatari iko katika siri na fadhila. Wagema wetu wa Kwale walijua zamani ya kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kiongozi akizoea kuitwa kwa jina lake la kwanza na mkuu wa hoteli, akapewa kofia na mwavuli, siku ya mapatano atasema kwa sauti ndogo. Hakununuliwa. Ameona haya tu, na haya ya mtu mmoja yaweza kuwapunguzia watu mia mshahara.

Mchezo wa gofu wenyewe una funzo hapa. Wachezaji wajua ya kuwa hawalingani. Kwa hiyo aliye dhaifu hupewa mapigo ya nyongeza, ili aweze kushindana na aliye hodari, na hakuna asemaye huo ni upendeleo. Mfanya kazi mmoja na tajiri mmoja hawalingani pia. Nyongeza yetu ni Chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama, na yakipa chama haki ya kufanya mapatano na mwajiri. Tajiri ayakubaliye mapigo ya nyongeza uwanjani Jumamosi, kisha akakataa kukitambua Chama Jumatatu, mchezo wake mwenyewe wamhukumu.

Naomba matawi yajadili kanuni hizi, na yakizikubali yaziandike:

1. Mwaliko wa gofu au karamu uje kwa barua kwa tawi, si kwa mtu.

2. Wakienda, waende wawili, na tawi liwachague.

3. Wasipokee zawadi. Zawadi isiyokatalika iletwe ofisini na kuandikwa katika daftari.

4. Wakirudi, watoe habari katika mkutano unaofuata: nani walionana naye, na maneno gani yalisemwa juu ya kazi.

5. Asiende mtu yeyote wakati mapatano ya mshahara yakiwa mezani, au shauri likiwa kortini.

6. Kila waendapo, waulize mambo mawili: makedi na vibarua wa siku ile wamelipwa nini, na hesabu ya sadaka itabandikwa wapi.

Kanuni hizi hazimtukani mtu. Kiongozi mwaminifu zitamlinda, maana hakuna atakayemsingizia. Tajiri mwema hazitamwudhi, maana hakuwa na la kuficha. Atakayechukia ni yule aliyetaka kutembea peke yake na katibu wetu mpaka shimo la mwisho.

Hatuuonei wivu mchezo wa mtu. Diani yaishi kwa wageni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini apone mwenyeji mzima: mwenye hoteli na mwenye kapu, mcheza gofu na mchukua mfuko. Basi fungueni mikutano ya matawi, mzungumze, na majibu yenu yaletwe ofisini kwa maandishi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu katika Chama,
Mwanachama wa Diani