Jenereta inayojiwasha yenyewe: kabla fundi hajafunga, ulizeni moshi utakwenda wapi

Saa nane za usiku umeme unakatika Tabata. Katika nyumba yenye mgonjwa wa mapafu, mlio wa mashine ya oksijeni ndio unaowaamsha watu, maana mashine hizo hupiga kelele zikikosa umeme. Binti anapapasa simu apate mwanga. Kaka yake amekwishatoka nje kuvuta kamba ya jenereta. Anavuta mara ya tatu, ya nne, kisha anakumbuka kwamba hajavuta choki. Ndani, baba anakaa kitako kitandani akihema, mkono mmoja umeshika godoro.

Nyumba za namna hii ndizo zinazomwita fundi na kumwomba aifanye jenereta ijiwashe yenyewe. Ombi hilo si la anasa. Mashine ya oksijeni ya nyumbani haina akiba ndani yake. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo asilimia 21 tu ndiyo oksijeni, inaichuja naitrojeni na kumpa mgonjwa hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Umeme ukikatika, na oksijeni imekatika muda huohuo.

Kazi yenyewe inaeleweka hata kwa asiye fundi. Kinafungwa kisanduku cha kuongoza ambacho kinauangalia umeme wa gridi muda wote. Ukipotea, kinasubiri sekunde chache kwanza, kwa sababu umeme wetu hupepesa na kurudi. Usiporudi, kinafungua mafuta, kinaweka choki na kuzungusha stata kwa sekunde kadhaa. Injini ikigoma kinapumzika na kujaribu tena, kwa kawaida mara tatu, kisha kinakata tamaa na kuwasha taa ya hitilafu. Ikiwaka, kinaiacha ipate moto kidogo ndipo swichi ya kubadilishia, ile mafundi wanayoiita chenjiova, inahamishia nyumba kwenye jenereta. Umeme wa gridi ukirudi kinasubiri dakika chache kuhakikisha umetulia, kinairudisha nyumba, na kuzima injini baada ya kupoa.

Jenereta ya kamba pekee haifai kwa kazi hii. Lazima iwe na stata na betri, na betri hiyo iwe na chaja ndogo inayokula umeme wa nyumba. Hapo ndipo wengi wanapoumbuka. Jenereta inakaa wiki sita bila kuguswa, kisanduku kinanyonya betri kidogokidogo, na usiku unaohitajika stata inatoa mlio mmoja na kunyamaza.

Kuna jambo lingine la kwetu kabisa. Kisanduku hakijui LUKU. Kama waya wake wa kuangalia umeme umefungwa baada ya mita, uniti zikiisha chenyewe kinaona umeme umekatika, kinawasha injini, na familia inalala ikichoma petroli usiku kucha kwa kukosa kununua umeme jioni.

Lakini hayo ni ya mfuko. Linalopaswa kuinyima familia usingizi ni mahali jenereta itakapokaa.

Jenereta ya kuvuta kwa mkono hutolewa nje kila inapotakiwa. Anayeiwasha yuko macho, anauona moshi, anaisogeza. Ya kujiwasha hufungwa mahali pamoja kwa sababu ina nyaya, na kwa hofu ya wezi mahali hapo huwa barazani nyuma ya nondo, stoo, chini ya ngazi au kwenye gereji iliyopakana na chumba cha watoto. Kisha inawaka yenyewe saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe zinazobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa, na katika nchi yetu mtu mwenye dalili hizo atasema ana malaria. Kidokezo ni pale watu wawili watatu wa nyumba moja wanapoumwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje. Mjamzito, mtoto aliye tumboni, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye mapafu dhaifu huathirika zaidi.

Yaani gesi hiyo inamkuta kwanza yule ambaye jenereta ilinunuliwa kwa ajili yake.

Familia zenye mgonjwa wa oksijeni nyingi zina kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu, nazo hukiamini sana. Kwa gesi hii hakifai. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 97 kwa mtu anayekufa. Ikiwa jenereta inanguruma na kichwa kinauma, namba ya kidoleni isiwazuie watu kutoka nje, kuzima injini na kwenda hospitali. Huko mgonjwa hupewa oksijeni nyingi ili kuiondoa gesi hiyo kwenye damu.

Umbali unaoshauriwa ni angalau mita 6 kutoka dirisha, mlango au tundu lolote la hewa, na ekzosi ielekezwe upande usio na nyumba. Kwenye viwanja vyetu mita 6 mara nyingi zinaishia dirishani kwa jirani, na jirani naye anapumua. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi kuifanya stoo kuwa mahali salama. Kibanda cha nondo na wavu uani, chenye paa na pande zilizo wazi, kilichofungwa mnyororo kwenye zege, kinawashinda wezi wengi bila kuwaziba pumzi wenye nyumba. Kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri iwekwe karibu na vyumba vya kulala. Kama eneo haliruhusu lolote kati ya hayo, jenereta isifungwe ya kujiwasha.

Chenjiova nayo isikwepwe ili kupunguza gharama. Inapaswa kuwa ya kuzuia gridi na jenereta kukutana kabisa. Umeme wa jenereta ukipenya kurudi mtaani, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na aliyeko juu ya nguzo akitengeneza hitilafu ana mke na watoto nyumbani.

Halafu wapo watoto. Injini iliyokuwa kimya tangu asubuhi inaweza kuanza kuzunguka mtoto akiwa ameegemea, au mama akiwa anaifuta vumbi na khanga ikining'inia. Kibandiko chenye maneno "Inawaka yenyewe" ni lazima, na anayebadilisha oili aweke swichi kwenye kuzima na achomoe waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa kitu.

Si kila nyumba yenye dawa au mgonjwa inahitaji haya yote. Friji isiyofunguliwafunguliwa hukaa na ubaridi kwa saa nne hivi, kwa hiyo insulini ya akiba inaweza kumngoja mtu aamke awashe kwa mkono. Insulini inayotumika, nyingi ya aina zake, hukaa nje ya friji takriban wiki nne kama hakuna joto kali.

Kwa mwenye mashine ya oksijeni, shilingi ya kwanza ingeenda kwenye betri na inveta. Haina moshi, na inashika mara moja, wakati jenereta ya kujiwasha, hata ikiwa nzima, inamwacha mgonjwa nusu dakika au zaidi. Mashine ya lita tano hula takriban wati 350. Betri moja ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampea 100, ikitumiwa hadi nusu tu ili isiharibike, inaiendesha saa moja na nusu hivi. Mbili zinafika saa tatu, muda wa kutosha kwa kaka kuamka, kutoa jenereta nje na kukumbuka choki.

Na mtungi wa oksijeni uliojaa, wenye spana yake na mpira uliokwishafungwa, usimame pembeni ya kitanda, mbali na jiko na petroli. Binti, kaka na dada wa kazi wajifunze kuufungua mchana, meni swichi ikiwa imezimwa makusudi na baba akiwa macho akiwasahihisha.